Jina, Jambo, Saa

Asubuhi hiyo Nusaiba alikuwa amepanda juu ya kreti la soda, mkono mmoja umeshika ukuta wa soko, mwengine umeshika kalamu ya wino mzito, na hasira imempanda mpaka masikioni. Dera lake la zambarau alikuwa amelikunja akalifunga kiunoni lisimkwaze. Chini yake wanawake wa samaki walikuwa wanalalama, beseni zao zimepangwa juani, na nzi walishajua kuna karamu.

Soko dogo la Bofu lilikuwa limefungwa, geti limetiwa mnyororo, na hakuna aliyejua kwa nini. Tangazo lilikuwepo, tena wiki nzima. Karatasi mbili zilizojaa maandishi madogo kama sisimizi. Lilianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, likashukuru wafadhili, likashukuru kamati iliyopita na kamati iliyopo, likaeleza maana ya usafi tangu zama za mababu. Kule chini kabisa, baada ya jina la mwenyekiti, ndipo likasema soko litapigwa dawa ya panya Jumatano na hapana atakayeingia.

"Mama Kanze, hili wewe ulilisoma?" Nusaiba alimuuliza muuza samaki aliyekuwa karibu yake.

"Nilisome saa ngapi, mwanangu? Mimi nina samaki au nina mtihani?"

Basi Nusaiba akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa: SOKO LIMEFUNGWA LEO. LAPIGWA DAWA YA PANYA. KESHO ASUBUHI LITAKUWA WAZI. Akakibandika juu ya zile karatasi mbili, akakipiga na kiganja kama anayeua mbu.

"Dada, samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Hapo umeziba tangazo langu."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate, kofia ya kushonwa kwa mkono, na harufu ya udi iliyopambana na ya samaki ikakaribia kushinda.

"Lako? Na unalikiri mbele za watu?"

"Mimi ni karani wa kamati. Naitwa Sufyan."

"Sijakuuliza jina. Waombe radhi hawa mama. Au radhi iko ukurasa wa pili?"

Wanawake wakacheka kicheko cha uchungu. Sufyan akasoma boksi, akasoma karatasi zake zilizochungulia pembeni, akasoma tena boksi.

"Lakini mtu haanzi tu," alisema. "Kwetu Jomvu Kuu ukiongea na watu huanza na salamu."

"Wape salamu basi. Hao samaki wataitikia, washaanza kuvimba."

Sufyan aliondoka, na Nusaiba akajisemea amekimbia. Lakini baada ya muda ikaja tuktuk imejaa barafu nyuma, na Sufyan yuko mbele na dereva, lile shati lililokuwa jeupe limelowa mpaka tumboni. Akazunguka beseni kwa beseni akimwaga barafu kwa mikono yake, na kila alipofika akasema, "Niwie radhi, mama." Hakuongeza neno.

Alipofika kwa Nusaiba, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Kamati imenipa ukurasa wa mtandaoni," alisema. "Bofu Leo. Habari za maji, za umeme, za nani kafiwa na nani. Hakuna anayeusoma."

"Sishangai."

"Nifunze."

Nusaiba alimwangalia, akaona hafanyi mzaha. Akampa namba yake ya simu. Sasa ukimuuliza kwa nini alimpa, atakwambia ni kwa ajili ya wale mama. Muache aseme hivyo.

Kazi ya Nusaiba ilikuwa ng'ambo ya feri, Changamwe, kwenye ofisi ndogo ya wakala wa kutoa mizigo, karibu na bandari ya Kipevu. Kutwa nzima alikuwa anawaandikia madereva wa malori ujumbe kwenye simu: nenda lango gani, saa ngapi, ubebe nini. Dereva husoma mguu uko kwenye breki na nyuma yake malori yanapiga honi. Ukimwekea lango kwenye mstari wa tano, atakuwa ameshapita. Ndiyo maana Nusaiba aliyachukia maneno yanayojaza nafasi. Aliyaona kama watu wanaosimama mlangoni, hawaingii wala hawatoki.

"Jina, jambo, saa," alimwambia Sufyan siku ya kwanza ya masomo, kwenye simu. "Nani, kumetokea nini, lini. Mtu anasoma huku anatembea, jua linampiga kioo, bando linakata. Mpe mstari mmoja kabla halijakata."

"Na salamu?"

"Salamu umpe ukikutana naye."

Sufyan akafunzika. Tangazo la maji lililokuwa ukurasa likawa: Maji hayatoki Bofu kesho. Jaza mapipa leo. Watu wakaanza kusoma, wakaanza kutumiana. Mpaka kufikia mvua za vuli, Bofu Leo ilikuwa na watu elfu ishirini, na wale wa kamati waliomcheka Sufyan sasa walikuwa wanaomba majina yao yatiwe.

Lakini kwenye simu na Nusaiba, Sufyan alibaki mtu wa Jomvu Kuu.

"Assalaam alaykum. Umeamkaje? Bibi yu hali gani? Na hilo jino lililokuwa likimsumbua? Na kazini, yule meneja—"

"Sufyan, salio langu laisha na bado hujafika kwenye jambo."

"Jambo ni kwamba nimekukumbuka."

"Si ungeanza hapo."

"Ningeanza hapo ungekata simu."

"Ningekata, nikapiga tena."

"Laazizi, hebu rudia."

"Sirudii. Ni maneno ya kujaza nafasi."

Bibi yake Nusaiba, Bi Zubeda, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipoolewa Tanga. Alikuwa anauza viungo kwenye kibaraza cha nyumba yao Bofu, mdalasini na iliki na pilipili manga, na mteja hakupata iliki mpaka aseme watoto wote wako vipi. Sufyan alianza kupita kila Ijumaa baada ya swala, akipewa mkate wa sinia na kahawa, na akiulizwa mpaka habari za paka wa jirani wa shangazi yake. Alijibu yote. Bi Zubeda akampenda.

"Lakini nyinyi wawili mkiandikiana," alisema siku moja, ameipokonya simu ya Nusaiba anaisoma kwa mbali, "maneno yenu kama meno yangu. Moja huku, moja kule."

"Ndivyo watu wasomavyo siku hizi, bibi," Nusaiba alisema.

"Haya. Lakini wazee wake wakija kuposa, mfungo mosi inshallah, Ramadhani ikiisha, wasije na huo ufupi wenu. Mimi nataka maneno yote ya posa, tangu hodi mpaka amina. Nimeyangoja miaka."

Sufyan akainamia kahawa yake, masikio yamekuwa mekundu. "Nitawaambia, bibi. Wallahi nitawaambia."

Hayo yalikuwa kabla ya Ramadhani. Mfungo mosi Bi Zubeda hakuufikia.

Sasa sikiliza jinsi watu wa huku wanavyopeleka habari ya msiba. Haipelekwi kwenye simu. Mtu aliye mbali huitwa: njoo nyumbani, fulani amezidiwa kidogo. Ataingiwa na hofu, atajua na hajui, lakini atakuwa na kitu cha kushika njiani. Atakapofika stendi atawakuta watu wake wawili watatu wamesimama, watamshika mkono, watatembea naye, watamweka kwenye mkeka, na hapo mtu mzima mmoja atamwambia. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua hivyo.

Mjomba Jumaa alimpigia Nusaiba ofisini.

"Nusaiba."

"Abee, mjomba."

"Njoo nyumbani, mwanangu. Bibi yako amekuwa mzito kidogo. Usikimbie. Mimi nitakungoja ukishuka feri."

Nusaiba akavaa buibui lake, akatoka. Njiani akanunua machungwa, kwa sababu bibi akiumwa alipenda kufyonza chungwa. Akapanda feri amesimama katikati ya watu, mfuko wa machungwa ameukumbatia, akijiambia mzito kidogo, mzito kidogo, hata mwaka jana alikuwa mzito kidogo.

Feri ilipokuwa katikati ya maji, simu ikalia mkononi mwake. Na ya mwanamke aliyekuwa ubavuni mwake ikalia. Na ya yule wa mbele. Ilikuwa Bofu Leo.

Bi Zubeda, muuza viungo wa Bofu, amefariki leo. Maziko ni baada ya swala ya alasiri.

"Masikini," yule mwanamke wa ubavuni alisema, anamwonyesha mwenzake kioo. "Si yule bibi wa iliki? Juzi tu nilikuwa kwake."

Nusaiba hakulia. Machungwa ndiyo yaliyolia, yakimwagika kwenye sakafu ya chuma ya feri, yakigonga miguu ya watu, na watu wasiojua kitu wakiyaokota na kumrudishia moja moja, "Dada, hili lako, na hili." Aliyashika. Hakujua afanye nini nayo. Na mjomba wake alipomwona anashuka, akafungua mikono aanze yale maneno yake taratibu, alimkuta mpwa wake ameshajua, uso umekuwa kama ukuta, na maneno ya mzee wa watu yakabaki hapo njiani hayana kazi.

Na kilichomchoma Nusaiba kuliko vyote ni kwamba tangazo lilikuwa zuri. Halikuwa na neno la kupunguza. Lingekuwa la msiba wa mtu mwengine, angelisifu.

Sufyan alipiga simu mara nyingi siku hiyo, hakushikiwa. Tangazo lenyewe alilifuta, lakini lilikuwa limeshatumwa huku na kule mpaka Kisauni. Maziko yalijaa watu mpaka barabarani. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha na masufuria yameoshwa, mjomba Jumaa akaja jikoni.

"Sufyan yuko barazani. Ataka radhi."

"Mwambie aiandike. Anajua kufupisha."

"Nusaiba."

"Abee, mjomba."

"Toka ukamsikilize."

Akatoka. Mtandio mweupe wa matanga ulikuwa umemshuka kichwani na hakuurekebisha. Sufyan alikuwa amesimama karibu na vile vikapu vya viungo vilivyofunikwa, kanzu yake ina mavumbi, macho yamevimba.

"Mjomba wako alinipigia," alianza. "Alisema nitangaze, maziko ni alasiri. Walio mbali wangeyakosa."

"Ungengoja feri ifike ng'ambo."

"Aliniambia wewe kashakupigia."

"Kunipigia! Wewe mtoto wa Jomvu Kuu, hujui mtu hupigiwa simu aitwe, haambiwi?"

"Najua."

"Ulijua, ukabonyeza?"

"Sikufikiria. Niliandika kama niandikavyo kila siku. Jina, jambo, saa. Nikatuma. Halafu ndio nikaliona jina."

"Jina la nani?"

"Nusaiba, tafadhali."

"Jina la nani, Sufyan?"

"La bibi."

"Aliyekulisha mkate wa sinia kila Ijumaa. Umeandika jina lake kwa mkono wako na hukuliona. Ukawaambia watu elfu ishirini, mimi ukanisahau. Mwanamke nisiyemjua ndiye aliyenisomea msiba wangu. Nilikuwa nimemnunulia bibi machungwa."

"Wewe ndiye uliyenifunza," Sufyan alisema kwa sauti ndogo, na pale pale ikaonekana kwamba angetaka kulimeza tena neno hilo.

Nusaiba akamwangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Mimi nilikufunza maneno," alisema. "Adabu nilidhani umekuja nayo kutoka kwenu."

Akaingia ndani. Nyuma ya mlango mjomba Jumaa alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Jioni ile Sufyan akamtumia neno moja: Samahani. Nusaiba akaliangalia hilo neno likiwa peke yake pale, akahisi kutupa simu kisimani. Neno moja. Kesho yake akatuma ujumbe mrefu, mrefu kweli, ambao ukiufungua unashuka mpaka kidole kichoke. Nusaiba hakuusoma. Mfungo mosi ukaja ukapita, wazee wa Jomvu Kuu hawakuja, na hakuna aliyewatarajia. Mtu akimtajia Bofu Leo, aliondoka. Kazini aliendelea kuwaandikia madereva lango na saa, na baada ya kila ujumbe alikuwa akisita kidogo kabla ya kutuma, akijiuliza kichwani ni nani atakayeusoma na yuko wapi. Kusita huko kulimkera. Hilo nalo alimhesabia Sufyan.

Siku moja ya Jumamosi akaenda sokoni kununua samaki. Mama Kanze alikuwa amefunga leso nyeusi kichwani.

"Mama, pole. Kuna nini?"

"Kakangu Menza. Tumemzika wiki iliyopita kwetu Kaloleni."

"Mbona sikusikia? Sikuona mtu kutangaza."

"Ungesikia kwa nani, na yule kijana wako—"

"Si wangu, mama."

"Haya, yule kijana asiye wako." Mama Kanze akamgeuza changu mkononi, akaanza kumparua magamba. "Nilimpelekea habari aiandike. Hakuandika. Alikuja na miguu yake mpaka nyumbani, akakaa mkekani, akanywa maji, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Nikajisemea, huyu kaja kutangaza ama kaja kuposa? Halafu akaniuliza, 'Mama, ni nani ambaye bado hajaambiwa?' Nikamwambia ni Eddah, bintiye Menza, yuko chuo, Voi. Akasema, basi mimi sigusi kitu mpaka Eddah afike ashikwe mkono. Na basi la Voi lilikuwa limeharibika njiani. Watu walimtukana huko mtandaoni, mwanangu. Ati Bofu Leo imelala, ati watu wazikwa kimya kimya kama kuku. Kamati nayo ikamtisha itampokonya ukurasa. Akakaa na matusi yake. Eddah alipofika, tukamwambia wenyewe, ndipo nikampigia. Akaandika usiku, maziko ni asubuhi, wengi wakayakosa."

Nusaiba alikuwa ameshika mfuko wazi, anangoja samaki.

"Kwa hivyo kwa Eddah alijua kungoja," alisema.

"Alijua."

"Kwa Eddah. Amejifunza kwa bibi yangu, akaenda kumfanyia Eddah."

"Na hivyo ndivyo afanyavyo kwa kila msiba sasa. Muulize yeyote." Mama Kanze akamtia samaki mfukoni, akaongeza na mwengine. "Hasira yako ni ya haki, mamangu. Mimi sikwambii uiache. Lakini hao samaki uwale na wali."

Nusaiba akarudi nyumbani, hasira kifuani, samaki mkononi. Akawapaka chumvi na ndimu, akawaacha. Akakaa kwenye kibaraza, pale pale palipokuwa na kigoda cha bibi, jua la alasiri linaingia kwa pembeni na harufu ya iliki bado imeng'ang'ania ukutani. Akaufungua ule ujumbe mrefu wa siku nyingi.

Ulianza na salamu. Ukamuulizia hali yake, ukamuulizia mjomba Jumaa na kikohozi chake, ukamuulizia vikapu vya viungo, nani anavifunika mvua ikija. Ukaendelea hivyo na kuendelea. Mpaka mwisho wake haukufika kwenye jambo. Sufyan alikuwa amezunguka, amezunguka, kisha ameandika: Nusaiba, siwezi. Hili haliandikiki.

Akausoma mara mbili. Alikuwa bado na hasira, mtu asimsingizie kwamba hasira iliyeyuka. Alikuwa na hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Akaandika, akafuta. Akaandika tena.

Assalaam alaykum, Sufyan. Natumai u mzima, na shangazi yako, na paka wa jirani yake. Mjomba hajambo, kikohozi kimepungua. Viungo nafunika mimi. Mimi bado sijaambiwa. Niliisoma tu. Vaa kanzu, pitia kwa mjomba Jumaa, uje ubishe hodi, ukae mkekani, uniambie bibi yangu amekufaje. Maneno yote, tangu hodi mpaka amina. Nikisha kukusikia ndipo nitajua kama nakusamehe.

Alijua vizuri ni wapi pa kukata. Paka angeondoka, kikohozi kingeondoka, vikapu vingeondoka, ukabaki mstari mmoja safi. Hakukata kitu. Akatuma.

Tiki mbili zikatokea. Zikawa buluu. Juu ya kioo pakaandikwa "anaandika", pakafutika, pakaandikwa tena, pakafutika.

Akangoja jibu, halikuja. Akainuka, akautandaza mkeka uliokuwa umekunjwa tangu khitma, akaukung'uta vumbi. Kisha akavisogeza viatu vyake pembeni ya mlango, mpaka pakabaki nafasi ya jozi moja.

Simu ilikuwa bado kimya.